Isale la Mpakani

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu kupita kawaida, naitikia huku najiuliza anataka nini. Nilifundisha Uraia kwenye sekondari moja ya Moshi mjini mpaka nikastaafu. Miaka yote hiyo wanafunzi wangu walikariri haki za binadamu kama wanavyokariri majina ya mito, nami niliwawekea vema kwa wino mwekundu bila kuamini hata nusu ya niliyokuwa nawafundisha. Kwenye kitabu kuna haki, halafu chini yake kuna mstari unaoanza na "isipokuwa". Mimi siku zote nilikuwa nausoma huo mstari wa chini kwanza.

Kwa hiyo mdogo wangu alipokatazwa kusema, sikushangaa. Kilichoniudhi ni kwamba yeye alishangaa.

Huyu ndiye kitinda mimba wetu. Kwa desturi yetu ya mlimani, kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chao, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na ambamo wazazi huzikwa siku ikifika. Yeye alibaki na mama, mimi nikashuka mjini na kuwa mtu wa kupanda Jumamosi na kuteremka Jumapili. Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko juu ya Himo, na wanaokijua watakijua.

Kosa lake lilikuwa swali. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akauliza kwa nini mfongo wetu, ule mfereji wa asili uliochimbwa na mababu kuleta maji kutoka msituni, umekauka, ilhali kule juu kuna bomba jipya linalobubujika, na bomba hilo ni la nani. Watu wakapiga makofi. Mtendaji wa kijiji akasema atalifuatilia. Mkutano uliofuata mdogo wangu akasimama tena akauliza swali lilelile kwa maneno yaleyale, na makofi yakazidi. Mkutano wa tatu hakupata nafasi ya kusimama, maana mtendaji aliufungua kwa kusoma amri. Amri ilisema kwamba mdogo wangu, kwa ajili ya kulinda amani, asihutubie wala kuzungumza katika mkusanyiko wowote hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Mtendaji huyo alikuwa kijana mwenye asili ya ng'ambo ya korongo letu, ila alilelewa Dar es Salaam. Alikuja na viatu vya ncha kali na Kiswahili chepesi cha mjini. Nilipomwona mara ya kwanza aliniambia, "Mama, mimi ni mtoto wa hapahapa," nami nikajisemea moyoni kwamba mtoto wa hapa hana haja ya kusema.

Tulidhani "mkusanyiko wowote" maana yake ni mikutano ya kijiji. Hatukujua neno "wowote" lina tumbo kubwa kiasi gani. Lilimeza kwanza mkutano wa ushirika wa kahawa. Halafu Jumapili moja mzee wa usharika akampa mdogo wangu matangazo ayasome kanisani, na kabla ya ibada kuanza ujumbe ukaletwa kwamba hilo nalo ni mkusanyiko. Kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani aliombwa aombee chakula, akaonyesha mdomo wake kwa kidole, akanyamaza. Watu walicheka. Mimi nilikuwapo, na kicheko chao kilinichoma, kwa sababu kilikuwa cha watu wanaoanza kuzoea.

Ndipo akaja wakili. Alikuwa binti mdogo kutoka mjini. Bodaboda ilimshusha barabarani akateremka kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

Akacheka. Alisema hakutumwa, alisikia habari kwa mtu wa ushirika. Sikuridhika. Mtu anayekuja kukusaidia bila kuitwa ni wa kuangaliwa mikono. Lakini mdogo wangu alimpa kiti, tukaketi chumbani kwa mama, kwa kuwa mama alikuwa hatoki tena kitandani na alitaka kusikia.

Binti akaeleza kwamba Arusha kuna mahakama mbili za nchi nyingi. Ile ya bara zima ingewezekana zamani, lakini serikali yetu ilishaiondoa ruhusa ya raia mmoja mmoja kuiendea moja kwa moja.

"Yaani anayeshtakiwa ndiye mwenye ufunguo wa mlango," nikasema.

"Kwa ile, ndiyo, mwalimu. Lakini ya pili, ya jumuiya ya nchi jirani, bado iko wazi. Na pale si lazima kwanza umalize mahakama zote za nyumbani. Tatizo ni muda. Unapewa miezi miwili tangu kitendo kifanyike, basi."

"Na majaji wake wanateuliwa na nani?"

"Na nchi wanachama."

"Na serikali."

"Ndiyo, mwalimu. Na serikali."

Hakupepesa macho. Nikapunguza kumshuku, kidogo tu.

Mdogo wangu, ambaye hana ugonjwa wangu, aliuliza swali la maana zaidi. Alitaka kujua watu hao watamwulizaje mtendaji, maana mtendaji atasema alikuwa analinda amani, na nani atabisha dhidi ya amani? Binti akasema mahakama haishindani na amani, wala haiulizi kama mtendaji ni mtu mbaya. Kwanza inauliza kama katazo limo ndani ya sheria, sheria iliyo wazi, ambayo mtu angeweza kuijua kabla hajafungua mdomo. Inauliza kama sababu iliyotajwa ni ya kweli au imevalishwa tu nguo ya heshima. Na hata sababu ikiwa ya kweli, inataka kujua kama katazo limepimwa kulingana nayo au limeipita. "Na wewe, baba, hulazimiki kuthibitisha kwamba una haki ya kusema. Aliyekufunga mdomo ndiye anayepaswa kueleza kwa nini ameufunga, na kwa nini ameufunga wote."

Mama alikuwa anasikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Kiswahili alikielewa ila alikijibu kwa Kichagga, na mdogo wangu akatafsiri. "Anasema mgomba mmoja ukiugua unaung'oa huo mmoja. Anayefyeka kihamba kizima hatibu migomba, anataka shamba."

"Hapo kwenye kipimo ndipo kesi nyingi za namna hii huishia," binti akasema.

"Usimpambe mama yangu," nikamwambia. "Tueleze na ubaya wake."

Akaueleza. Alisema mahakama za aina hii huiachia serikali nafasi, kwa sababu serikali inayajua mazingira yake kuliko majaji waliotoka nchi nyingine. Mara nyingine nafasi hiyo huwa kubwa. Nikasema ndipo mtakaponyongwa hapo. Akajibu kwamba nafasi si kihamba kisicho na mwisho, ina mpaka, na kazi ya majaji ni kuonyesha mpaka ulipo.

Mama akafumbua macho. Safari hii alijikaza akasema Kiswahili, pole pole, akimtazama binti. "Na mimi nikifa, huyu atasema?"

Kwetu, siku ya mazishi kitinda mimba ndiye anayesimama kaburini kusimulia maisha ya mzazi wake na kuwashukuru watu. Asiposema yeye, ni kama nyumba haina mwenyewe. Binti aliangalia karatasi ya amri, halafu akaangalia chini. Alisema mazishi ni mkusanyiko.

"Basi nitazikwa kimya," mama akasema, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kuambiwa kesi hii inahusu nini.

Lakini mdogo wangu alisitasita. Karatasi zilikuwa tayari mjini, zikisubiri kiapo chake tu, naye kila Jumamosi aliniambia wiki ijayo. Majirani walikuwa wamemzunguka. Unaishtaki serikali kwa majaji wa nchi nyingine, wewe? Huna watoto wanaotafuta kazi? Baba mdogo wetu, mzee mwenye heshima zake, alimwambia maji ya mfongo yatarudi yenyewe kama yalivyoondoka yenyewe. Mimi nilimshuku kila aliyesema hivyo kwamba ametumwa. Huenda hawakutumwa. Woga hauna haja ya kutumwa.

Mama alifariki wiki ileile ambayo miezi miwili ilikuwa inakaribia kwisha. Nililia sana, na katikati ya kulia nilikuwa nawaza tarehe, na nilimchukia mtendaji kwa kunifanya niwaze tarehe.

Siku moja kabla ya mazishi, mchana, nyumbani kulikuwa kumejaa. Turubai lilikuwa limefungwa uani, akina mama wakimenya ndizi kando ya jiko, wanaume wameketi upande wa pili. Ghafla sauti zikafifia. Nikainua kichwa. Mtendaji alikuwa anaingia, kichwa kimeinama, ameshika isale kwa mikono miwili.

Asiyetoka mlimani ataona ni jani tu. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, na kwetu una kazi mbili. Hupandwa mpakani, na penye isale hapavukwi bila hodi. Halafu aliyekosa akitaka kusamehewa hulichuma, hulipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa isale hawezi kukataa. Kulikataa ni kujitakia mkosi, wewe na kizazi chako. Wazee wameona damu ikisamehewa kwa isale.

"Shikamoo, baba," akamwambia mdogo wangu.

"Marahaba."

"Nimekuja kama mtoto wa hapa. Nimekosa. Bibi ametutoka, na mimi sitaki tumzike tukiwa na kinyongo. Naomba yaishe."

Moyo wangu ulilainika. Nilikasirika kuona unalainika, nikaanza kutafuta kasoro. Haikuwa mbali. Wanaojua huleta jani, wamelifunga fundo, kutoka nyumbani kwao. Yeye alikuwa ameleta shina zima, limekatwa kwa kisu, na pale lilipokatwa palikuwa bado pana utomvu mbichi. Kwake ni ng'ambo ya korongo. Jua lilikuwa kali. Utomvu ule ungekuwa umeshakauka.

Nikainuka kana kwamba naenda jikoni, nikapitia nyuma ya migomba mpaka mpakani. Kwenye ule mstari wa masale aliyoyapanda babu, moja lilikuwa limebaki kisiki cheupe. Kwenye tope pembeni palikuwa na alama ya kiatu chenye ncha. Mtu alikuwa amekata mpaka wetu ili aje kutuomba radhi nao.

Niliporudi, baba mdogo alikuwa anasema, "Pokea, mwanangu. Isale halikataliwi." Nikainama sikioni kwa mdogo wangu.

"Najua, dada," akaninong'oneza. "Nimelitambua." Kisha akapaza sauti, kwa upole kabisa. "Mwanangu, isale hili umelikata wapi?"

"Hapo mpakani tu, baba," mtendaji akajibu bila wasiwasi. "Yapo mengi."

Kwenye upande wa akina mama mtu mmoja aliangua kicheko akakiziba kwa kanga. Baba mdogo alivua kofia akajifunika uso. Kijana wa watu alitazama huku na huku, akajua amekosea kitu bila kujua ni kitu gani. Hapo nilimwonea huruma, haikudumu.

"Na ile amri," mdogo wangu akauliza, "umeifuta?"

"Hiyo, baba, hiyo mpaka niongee na wa juu yangu. Ila kwa vile tumeshasameheana, ile habari ya kushtakiana huko Arusha si tunaachana nayo?"

Siku zote nawaambia watu wasinunue mbuzi kwenye gunia. Huyu wa kwetu alikuwa ameshatoa pembe nje mwenyewe. Nilimtazama mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza katika mambo haya nilishikwa na hofu ya kweli, kwa sababu namjua. Hajawahi kumnyima mtu kitu alichoombwa mbele ya watu. Akilikataa isale, kijiji kizima kitasema ameleta mkosi kwenye msiba wa mama yake. Akilipokea, kesi imekwisha, na kesho tunamzika mama kimya.

Alilipokea, kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe," akasema. "Mbele ya watu hawa, na mbele ya mama aliyelala ndani. Sina neno na wewe."

Kisha akainuka, akachukua panga lililokuwa limeegemezwa ukutani, akashika njia ya kwenda mpakani. Hakumwita mtu, lakini tulimfuata wote, pamoja na mtendaji na viatu vyake. Alipofika kwenye kile kisiki alichimba shimo kando yake, akalisimamisha lile shina, akalifukia, akalishindilia kwa kisigino. Halafu akamgeukia.

"Msamaha umeuomba, nimekupa. Mpaka hukuuomba, nao sikupi."

Kesho yake usharika uliimba, mchungaji akahubiri, jeneza likateremshwa kati ya migomba ya mama. Ikafika zamu ya familia. Mtendaji alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na barabara, na kando yake watu wawili nisiowajua. Mdogo wangu akasogea kaburini.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina."

"Ndugu zangu wa mkusanyiko wowote," akasema, na watu waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia.

Alimsimulia mama. Alisema alipoletwa hapa kuolewa alifuata ukingo wa mfongo, kwa sababu mfongo ndio uliokuwa njia, na kwamba maji yake ndiyo aliyotuogeshea sote. "Na leo," akasema, "chakula cha msiba wake tumekipika kwa maji ya kuazima." Hakuuliza swali lolote. Hakutaja bomba. Alisema aika, ahsante, akarudi nyuma. Hakuna aliyemkamata. Lakini mimi sikuliona jeneza likifunikwa, maana macho yangu yalikuwa kule barabarani muda wote. Nilimzika mama yangu huku nikimtazama mtu mwingine. Hilo mdogo wangu hawezi kulisamehe kwa niaba yangu.

Jumatatu alishuka mjini akala kiapo, na binti akapeleka kesi Arusha muda ukiwa bado haujakatika.

Majibu ya serikali yalichukua muda mrefu. Siku yalipofika, binti alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa na kitu kati ya kicheko na hasira. Yalisema amri ilikuwa halali. Yalisema ilihitajika kwa ajili ya amani. Na yalisema, kwa vyovyote vile, mgogoro ulishamalizwa kwa mila za wenyeji, kwa kuwa mlalamikaji aliletewa isale mbele ya mashahidi, akalipokea, akatamka kwamba amesamehe.

"Kila neno ni kweli, mwalimu," akasema.

"Ndiyo maana ni uongo mzuri."

Aliniomba nieleze kwa maandishi isale ni nini, kwa ajili ya majaji ambao kwao halioti. Nilikaa na kazi hiyo siku nyingi kuliko nilivyotegemea. Kueleza kwamba isale linaomba msamaha ni rahisi. Kueleza kwamba mtu anaweza kumsamehe jirani aliyevuka na bado akaudai mpaka wake, hilo nilidhani kila mwenye shamba duniani analijua, lakini niliandika hata hivyo, kwa maana sijui majaji wana mashamba au hawana. Tulipiga na picha ya isale likiwa limesimama mahali pake. Binti akaiambatisha.

Hukumu bado. Kila nikiuliza naambiwa tusubiri, na kila nikiambiwa tusubiri nawaza tena nani aliwateua. Amri haijafutwa mpaka leo, ingawa hakuna aliyethubutu kuisoma tena, na Jumapili mdogo wangu husoma matangazo kanisani. Siamini kimya hicho. Amri isiyofutwa na isiyotumika ni kama mbwa aliyelala mlangoni, hujui ni lini ataamka. Maji ya mfongo hayajarudi.

Siku hizi nikipanda, kabla sijamsalimu mtu, napita mpakani. Isale ni mmea mdanganyifu. Shina lake likikatwa na kuchomekwa ardhini linaweza kukaa kijani muda mrefu ilhali chini halina mzizi hata mmoja. Jumamosi iliyopita nilijifunga kanga kiunoni, nikalishika shina kwa mikono miwili, nikalivuta kwa nguvu zangu zote. Halikuja.

"Dada!" mdogo wangu akaita kutoka kwenye migomba. "Utaling'oa! Limeshika hilo, liache."

Nikalivuta tena.